Kupiga Picha za Nebula kwa Infraredi ya Karibu

Mabibi na mabwana, infraredi ya karibu ni mwanga ulio nje kidogo ya wekundu tuuonao kwa macho, nasi tunautumia kupiga picha za nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani. Kamera zetu hazipigi picha ya joto. Sensa ya silikoni, yaani kipande cha kamera kinachonasa mwanga, huona hadi urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1,100 tu, na sehemu yenye manufaa kwetu ni kati ya 700 na 1,000. Huko tunatafuta nyota zilizofichwa na vumbi, maana vumbi huuzuia mwanga huu kidogo kuliko ule tuuonao kwa macho.

Kwa hiyo msishangae nebula yenyewe ikififia. Wekundu wa haidrojeni uko kwenye nanomita 656, na filta inayoanza kupitisha kwenye 685 huukata. Yanabaki mng'ao hafifu wa gesi, ikiwemo salfa kwenye 907 na 953, na mwanga wa nyota unaoakisiwa na vumbi. Anzeni na M42, nebula kubwa ya kundinyota la Orioni, kisha NGC 2024, nebula nyingine ya kundinyota hilohilo, ambayo mkanda wake mweusi umeficha kundi la nyota changa. Filta ya 685 inafaa kujifunzia; ya 807 hupenya vumbi zaidi lakini hula mwanga mwingi. Kwa sensa nyingi, uwezo wa kunasa mwanga kwenye 850 haufiki nusu ya kilele chake. Picha za dakika mbili mbili zikijumlishwa kwa saa tatu au nne ni mwanzo mzuri.

Kamera ya nyeusi na nyeupe ndiyo bora. Ya rangi pia inawezekana, mradi kioo cha mbele ya sensa kisiwe kinazuia infraredi. Kikiwa kinazuia, mtapata giza tupu. Darubini ya kioo cha kuakisi haibadilishi fokasi kwa rangi. Ya lenzi hubadilisha, na nyingi hazikusahihishwa kwa mawimbi haya, hivyo nyota huvimba hata baada ya kufokasi upya.

Sasa lile linaloharibu picha nyingi: kusawazisha mwanga, yaani kupiga picha ya uso unaong'aa sawasawa ili kurekebisha giza la pembeni na madoa ya vumbi. Paneli ya LED nyeupe haitoi karibu chochote kupita nanomita 750, kwa sababu ni LED ya buluu iliyopakwa fosfori. Mkiitumia, picha ya kusawazishia itakuwa kelele tupu, au itatokana na mwanga uliovuja kandokando. Tumieni anga la magharibi jua likishazama, au balbu ya nyuzi iliyofunikwa kwa karatasi nyeupe, na filta ileile ikiwa mahali pake.

Mivujo ya mwanga nayo ichunguzwe. Plastiki iliyo nyeusi machoni huweza kupitisha infraredi, na baadhi ya visoma-mzunguko vya vifaa vya darubini vina LED za infraredi ndani. Funikeni darubini, pigeni picha ya dakika tano, kisha mulikeni viungo kwa tochi ya balbu ya nyuzi mkipiga nyingine. Zikitofautiana, zibeni kwa karatasi ya alumini. Utepe mweusi pekee hautoshi.

Mwanga wa mwezi husumbua kidogo huku, kwani hewa hutawanya zaidi buluu. Anga lenyewe, hata hivyo, hung'aa kwa molekuli za haidroksili zilizo juu sana, na mng'ao huo hubadilika ndani ya dakika chache. Kwenye sensa nyembamba zinazopokea mwanga kutoka nyuma, huweza kuchora michirizi ya mawimbi. Ondoeni mteremko wa mwanga, yaani anga kung'aa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, katika kila picha kabla ya kuzijumlisha, si baadaye. Mkichanganya na picha za rangi, wekeni infraredi kwenye nyekundu, nyekundu kwenye kijani, kijani kwenye buluu: nyota zilizo nyuma ya vumbi zitajitenga kwa wekundu wao.