Nyumba ya mzee ilikuwa giza, leo tunaifungulia nyuma

Shikamooni wakubwa, wadau wengine mambo vipi. Tupo Ipuli hapa Tabora, nyumba ya mzee wangu, tofali za kuchoma, ya zamani kweli, ukiingia sebuleni saa sita mchana unapapasa swichi. Afu mbele kuna barabara, kila anayepita anajua mnakula nini. Hatubomoi nyumba. Mbele tunabana, nyuma kwenye mwembe tunafungua.

Kwanza weka nyundo chini shika chaki. Ingia ndani saa tatu asubuhi, saa saba, na saa kumi jioni, chora jua linapoishia sakafuni. Ukuta wa magharibi uache hivyohivyo, ukitoboa dirisha kubwa pale Oktoba mtalala nje. Huku kwetu jua Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini, ila saa sita linakuwa juu juu, paa likitokeza kidogo tu linakinga, kwa hiyo kuta za pande hizo mbili ndo za kufungua.

Sasa linta, ile boriti inayolala juu ya dirisha. Hapa ndo tunaingizwa mjini. Fundi atakwambia tupanue dirisha pembeni, mwambie hapana fundi, tushuke chini. Linta imeshabeba tofali za juu na kenchi, ukikata chini ya dirisha kwa upana uleule huigusi kabisa, na dirisha linageuka mlango wa kutokea nyuma. Chumba cha pili fundi alipanua pembeni mi nikiwa sokoni, narudi nakuta ufa umepanda mpaka darini, ikabidi tuegemeze mirunda, tumwage linta mpya ya zege na nondo, wiki tatu tunapishana na miti humo ndani.

Na kama linta ni ya mbao ichokonoe na bisibisi kwanza. Oneni hii... imezama mpaka kwenye mpini, ndani ni udongo wa mchwa mtupu. Hii inatoka, na mirunda haikwepeki.

Kukata, piga grenda kwenye mstari nje na ndani, ndo ufuate na tindo taratibu ukianzia juu kushuka. Kabla ya plasta chonga kona za ndani mshazari, ukuta ni mnene, usipochonga mwanga unabaki mlangoni. Dari nyeupe, basi.

Mbele usizibe dirisha lote, jenga mpaka mita 1.7 hivi kutoka chini, juu acha kioo, mpita njia haoni kitu na hewa mnapata. Wengine wanategemea pazia jepesi, mchana sawa, usiku ukiwasha taa mtaa mzima unakuona.

Nyuma, sakafu ya baraza iwe chini ya ya ndani kwa sentimita 10, na kila mita moja ishushe sentimita 2 kwenda nje, maana mvua za Novemba hazibembelezi mtu. Karibu na mwembe usimwage zege, panga tofali juu ya mchanga maji yafike kwenye mizizi, na mizizi usiikate. Upande wa jirani inua ukuta wa tofali za matundu kupita kichwa cha mtu, upepo unapita, salamu mtapeana getini.

Meza isogezeni, msimu wa embe hilo tawi halina adabu. Tofali zilizobaki mama ameshazipigia hesabu ya banda la kuku, ngoja nikazibebe kabla hajaniita.