Wikendi Beaufort: mji mdogo wa pwani ulionirudisha Pangani

Assalam aleikum wapenzi wangu, na shikamooni wote mnaostahili shikamoo. Kabla sijasema lolote nageuza kamera. Tazameni.

Mmeona? Huo ni mto, na maji yanapwa. Ile tope nyeusi inayoanza kuchomoza pembeni, na yale majani marefu ya kijani yaliyosimama ndani ya maji ya chumvi. Mikoko hapa hakuna, baridi yao haiiruhusu, lakini harufu ni ileile. Mtu wa Pangani, kwetu pwani ya Tanga, ukimfunga kitambaa machoni ukamleta hapa atakwambia, "Maji yametoka, twende tukaokote chaza." Na chaza wapo kweli, wamegandana kwenye tope kama mawe.

Niko kwenye bembea. Mji huu umeweka mabenchi ya kubembea kando ya mto, mtu yeyote anakaa bure. Nimejifunga kanga, nina chai yangu, ni Jumamosi asubuhi na simu ya kazini nimeizima. Mnaonifuata mnajua kazi yangu: natunza wazee huko Atlanta, zamu za usiku, na mwezi uliopita sikumbuki kama nililala siku mbili mfululizo kwa mpangilio. Ijumaa nikasema basi. Nikapakia begi moja, nikaendesha gari karibu saa tano, nikapita Macon, nikapita nje ya Savannah, mpaka nikaona maji pande zote mbili za barabara.

Mji unaitwa Beaufort, jimbo la South Carolina. Wenyewe wanatamka "Byufati". Kuna Beaufort nyingine North Carolina na hiyo ndiyo "Bofoti", ukikosea wanakurekebisha kwa upole lakini wanakurekebisha. Ulianzishwa 1711, na katika jimbo hili ni Charleston peke yake inayoutangulia kwa umri. Wakazi ni kama elfu kumi na tatu hivi. Yaani mji ambao unaumaliza kwa miguu, na ndicho nilichokuwa nakitaka, sehemu ambayo hainidai haraka.

Twendeni tutembee. Hii miti mikubwa ni mialoni, matawi yake yanalala barabarani mpaka unainama kupita. Hizo nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu za mzee, watu hudhani ni kuvu au ugonjwa wa mti. Sivyo. Ni mmea wa ukoo mmoja na nanasi, unakunywa unyevu wa hewani na mti haunyonywi chochote. Upepo ukivuma zinapepea zote pamoja, na mtu unajikuta umesimama tu unatazama.

Na nyumba! Zimeinuliwa juu ya nguzo, zina baraza mbili, ya chini na ya juu, zimeelekezwa kule upepo wa bahari unakotokea. Hakuna asiyeelewa hesabu hiyo kati yetu tuliokulia pwani. Sasa tazameni dari ya ile baraza, imepakwa buluu ya maji maji. Watu weusi wa hapa, Wagullah, wanaamini rangi hiyo inazuia pepo wabaya wasiingie ndani. Mmea wa nili ulilimwa sana kwenye mashamba ya utumwa ya pwani hii, kwa hiyo rangi hiyo ilipita mikononi mwa mababu zao. Sasa hivi hata nyumba za matajiri zimepakwa buluu hiyo, na wengi hawajui ilianzia kwa nani.

Kitu kingine kilichonigusa: watu wanasalimiana. Atlanta nimezoea kupishana na mtu kwenye lifti kila mmoja na simu yake. Hapa tangu asubuhi nimeamkiwa na watu wasionijua, mmoja akanishikia mlango akanisubiri nifike, na watoto hawamjibu mkubwa bila kuweka neno la heshima mbele. Si shikamoo, ila imekaa palepale shikamoo inapokaa.

Sasa nyumba hii hapa nataka muitazame vizuri. Hatuingii, tunaiona kutoka barabarani. Barabara ya Prince, namba 511. Robert Smalls alizaliwa kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba hii mwaka 1839, mtumwa, mama yake akiwa mtumishi wa humu ndani. Alipokua akapelekwa Charleston kufanya kazi bandarini, akajifunza mikondo ya maji kama rubani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini, vikaja, akawekwa kwenye meli ya jeshi la Kusini iitwayo Planter. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 nahodha na maofisa wake walishuka kwenda kulala mjini. Smalls na wenzake wakawasha moto wa mashine. Akavaa kofia ya nahodha, akasimama kama nahodha anavyosimama, akaenda kumchukua mkewe na watoto waliokuwa wamejificha, halafu akapita ngome za mizinga moja baada ya nyingine akipiga honi kwa ishara sahihi. Walipotoka nje ya masafa ya mizinga wakashusha bendera ya Kusini wakapandisha shuka jeupe, na meli wakaikabidhi kwa jeshi la Kaskazini. Alikuwa na miaka ishirini na tatu.

Akarudi Beaufort, na nyumba ya bwana wake ilipouzwa kwa deni la kodi, akainunua yeye. Baadaye akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani, mihula mitano.

Lakini kilichonikalisha chini si hicho. Watu wa hapa wanasimulia kwamba miaka ilipopita, mke wa yule bwana wa zamani, sasa mzee na akili imeanza kumtoka, alirudi akaingia humu ndani akidhani bado ni kwake. Na Smalls akamwacha aingie, akampa chumba chake cha zamani. Jamani, mimi nakesha na wazee wa namna hiyo kila usiku. Mtu anakuuliza mara ishirini yuko wapi, anakuita kwa jina la mtu aliyekufa, na wewe unaamua kila mara utamjibuje. Najua inavyochosha hata kwa mtu ambaye hajawahi kukukosea. Kwa mtu aliyemmiliki mama yako? Nilisimama pale nje ya ua nikalia kidogo, siwafichi.

Kaburi la Smalls liko karibu, kwenye uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist, na pembeni yake kuna sanamu ya Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa akarudi kuwakomboa wengine, iliyozinduliwa 2024. Tubman naye alifanya kazi hapa wakati wa vita, na Juni 1863 aliongoza boti za jeshi kupanda Mto Combahee wakatoka na watumwa zaidi ya mia saba kwa usiku mmoja.

Mchana nikavuka madaraja kwenda kisiwa cha St. Helena. Hapa ndipo moyo wangu ulipo mpaka sasa.

Kabla hujafika mbali kuna magofu ya kanisa dogo lililojengwa karibu 1740, likaungua kwa moto wa msitu 1886. Limebaki kuta tu chini ya mialoni. Nikasogea, nikaweka mkono ukutani, na nikajua ukuta huo. Tazameni kwa karibu: yote haya ni makombe ya chaza. Walichoma makombe mpaka yakawa chokaa, wakachanganya na mchanga, majivu, maji na makombe mengine mazima, wakamimina kwenye mbao na kushindilia, tabaka juu ya tabaka. Kwetu tulichoma matumbawe kwenye tanuu la magogo, tukapata chokaa, na nyumba za zamani za Pangani zimesimama kwa hiyo chokaa. Sisemi walijifunza kwetu. Wengi wa mababu wa Wagullah walitolewa Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola. Ila mtu wa bahari akikosa jiwe na saruji, anatazama bahari imempa nini.

Mbele kidogo ni Penn Center. Mnamo Novemba 1861 meli za Kaskazini ziliteka ghuba hii, na wenye mashamba wakakimbia wote, wakawaacha nyuma watu wapatao elfu kumi waliokuwa watumwa. Mwaka uliofuata, vita bado vinapiganwa, ikafunguliwa shule ya watu hao hapahapa, Penn School. Walimu wa mwanzo walikuwa Laura Towne na Ellen Murray, na akaja Charlotte Forten, mwalimu mweusi kutoka Philadelphia. Shule ilifungwa 1948, majengo yakabaki kituo cha jamii, na miaka ya 1960 Martin Luther King alikuwa akija na wenzake kukaa hapa kupanga mikutano, kwa sababu ilikuwa mojawapo ya sehemu chache sana za Kusini ambako weusi na weupe wangeweza kulala pamoja chini ya paa moja.

Ndani ya jumba la makumbusho nikakutana na ungo. Nasema ungo kwa sababu ni ungo: wa kupepetea mpunga, mpana, umeshonwa kwa majani mzunguko juu ya mzunguko. Na kinu na mchi pembeni yake. Wengi wa mababu zao waliletwa pwani hii kwa sababu walijua kulima mpunga, na utajiri wa mabwana ulitoka kwenye ujuzi huo.

Nje nikamkuta mzee mmoja kwenye kiti, mapajani ana uzi na kijiti, anafuma kimia. Mjomba Bakari, kimia! Wavu wa kuvulia samaki, wa kutupa kwa mkono, wenye vizito vya risasi pembeni. Nikamwomba ruhusa nikae. Akaanza kuongea na mwenzake Kigullah, nami nikasikiliza tu. Msingi ni Kiingereza lakini mdundo si wa Kiingereza, na maneno ya Afrika yamo. Karanga wanaita guba, na nyinyi mnaonitazama kutoka Kongo mnalitambua hilo, ni nguba ya Kikongo. Mzee akaniambia walipokuwa shuleni walichapwa kwa kuongea hivyo, wakaambiwa ni Kiingereza kibovu. Leo Agano Jipya lipo kwa Kigullah, lilitoka 2005. Nikakumbuka tulivyochekwa Tanga mjini kwa maneno yetu ya Kimtang'ata, Kiswahili cha pwani yetu, mpaka wengine tukayaacha.

Nikamuuliza mmewezaje kubaki hapa. Akanyoosha mkono akanionyesha shamba ng'ambo ya barabara. Akasema, "Babu wa babu alinunua, nasi hatukuuza."

Wakati wa vita serikali iliyanadi mashamba ya mabwana waliokimbia, na waliokuwa watumwa wakanunua vipande kwa pesa zao. Ila wengi walikufa bila wosia, kwa hiyo ardhi ikawa ya wajukuu wote kwa pamoja, bila mgawanyo. Hapo ndipo hatari ilipo. Mjukuu mmoja anayeishi mbali, hata hajawahi kuiona, akiuza fungu lake kwa tajiri, tajiri yule anaweza kwenda mahakamani kuomba shamba zima liuzwe. Kisiwa jirani, Hilton Head, kilikuwa cha weusi hawahawa. Daraja likajengwa 1956, zikaja hoteli na viwanja vya gofu, kodi zikapanda, na leo kuna familia zinaomba ruhusa getini kwenda kuzuru makaburi ya wazazi wao. St. Helena wakaona, wakapigania sheria ya wilaya tangu 1999 inayokataza viwanja vya gofu na makazi ya kufungwa mageti katika kisiwa chao. Mpaka leo wanailinda kwenye vikao.

Wanangu wa ukoo, mnajua kwa nini nalisema hili mbele ya kamera. Lile shamba la minazi la babu halina hati. Mwaka jana nilitumiwa ujumbe kwamba kuna mtu anataka upande wa ufukweni, na mimi nikajibu, "Fanyeni mnavyoona." Mimi ndiye yule mjukuu wa mbali. Naondoa jibu langu leo, mashahidi ni nyinyi. Kabla ya mtu yeyote kutia saini, tukae ukoo mzima, hata kwa simu, tupime, tuandike majina yetu wote.

Haya, chakula, maana Shangazi Mwanahawa atauliza nilikula nini. Kuna chakula cha kisiwa hiki kinaitwa Frogmore stew, jina la kijiji cha hapahapa: kambamiti, mahindi mabichi, viazi na soseji, vyote chungu kimoja na viungo vikali. Soseji huwa ya nguruwe, nikamweleza mama mpishi, na akanichemshia yangu chungu cha peke yake bila kunung'unika. Akanimwagia mezani juu ya gazeti. Kambamiti walitoka majini asubuhi hiyo, ukimenya tu ile harufu inakujia. Nilikula kwa mikono, polepole, mpaka jua likaanza kuinama.

Sasa ni Jumapili, na leo nilifika mpaka Hunting Island, mnara wa taa na ufukwe mrefu ambako bahari inakula ardhi na miti imelala mchangani imekauka nyeupe. Mnara wenyewe ulishahamishwa 1889 kuikimbia bahari. Sikupanda, nilitandika kanga nikalala saa mbili nzima.

Narudi Atlanta jioni hii, kesho usiku nina zamu. Lakini Mjomba Bakari, kama unanitazama, nakuomba kitu kimoja. Mzee yule aliniuliza kwetu kimia kinaanzwa kufumwa kutokea wapi, kwenye kitovu au kwenye ukingo, na mkono gani unashika uzi. Nilikuwa nakuona ukifuma kila siku barazani na sikuweza kumjibu. Nipigie video ukianza kipya, uonyeshe mikono tu, polepole. Nimemwahidi nitarudi kabla ya Ramadhani.