Ngozi Imeziba, Kano Bado: Mhadhara kwa Mafundi Seremala wa Keko

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za kazi. Asanteni kwa kuzima mashine mchana huu, najua kila saa ya umeme ina hesabu yake.

Kabla sijaendelea, kila mmoja aushike mkono wake wa kushoto kati ya kiwiko na kifundo, halafu akunje na kukunjua vidole. Mnasikia nyama inavyocheza humo ndani? Nguvu ya kukunja vidole inatoka huko. Kwenye kidole chenyewe hakuna msuli. Msuli uko huku juu, na unakivuta kidole kwa kano, kamba nyeupe ngumu inayoshuka kwenye kifundo, ikapita kiganjani hadi karibu na ncha. Njiani inapenya kwenye pete ndogo zinazoibana kwenye mfupa, kama kamba ya tanga inavyopita kwenye kapi.

Patasi ikiteleza ikakupata kati ya kiganja na kiungo cha katikati cha kidole, imekukata pabaya kuliko pote. Hapo kano mbili zinapita katika mfereji mmoja mwembamba. Daktari Mmarekani Sterling Bunnell alipaita eneo lisilo la mtu. Enzi zake waliona heri wafunge ngozi tu, kano wapandikize baadaye, kwa sababu zikishonwa hapo zilinata kwenye mfereji kama mbao zilizopigwa gundi, kidole kikakauka. Katika miaka ya 1960 Harold Kleinert na wenzake, kule Louisville, jimbo la Kentucky, wakaonyesha kwamba panashoneka mapema, mradi kidole kisiachwe kilale. Mpira uliofungwa kwenye ukucha ulikikunja kidole, na mgonjwa akakinyoosha mwenyewe ndani ya banzi. Nikisema banzi, ninyi mnafikiria lile gome linalotoka kwenye gogo. Letu ni kibao cha plasta kinachokaa mgongoni mwa mkono, kikizuia vidole visinyooke kupita kiasi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo mikono mingi inapopotea. Nyuzi za ngozi zinatolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kidonda kimefunga, maumivu yamepungua, unajiona umepona. Kumbe ndani, kano iko katika siku zake dhaifu kabisa. Ncha zake zimelainika na uzi wa daktari ndio unaozishikilia. Banzi linakaa takriban wiki 6. Kubeba kitu kizito au kukaza mkono kwa nguvu zako zote, subiri wiki 12.

Kuna kijana mmoja wa kazi hii hii yenu, alikatwa kidole cha pete. Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki ya tatu akavua banzi, akamsaidia mwenzake kuinua ubao wa mninga. Alisikia kitu kimekatika, hakikuuma sana. Kidole kikagoma kujikunja. Tulimfungua tena, kovu lilikuwa limejaa, na leo kidole kile hakifiki kiganjani. Niseme ukweli mbele yenu: hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati ule tulimpa kadi ya kurudi na vidonge vya maumivu. Hakuna aliyekaa naye kumweleza habari ya wiki 12, mimi nikiwemo. Nilipomuuliza kwa nini alivua banzi, alinijibu kwamba kodi ya chumba ilikuwa imefika.

Kwa hiyo siwezi kuzungumza nanyi habari za kano nikaiacha kodi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi 2015. Mchango wake unatolewa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako. Kama umeajiriwa na ukaumia kazini, taarifa itolewe mapema. Lakini najua wengi hapa mnalipwa kwa kitanda au kwa kabati, na hakuna anayewachangia. Basi nawaomba ninyi wenye karakana: aliyeumia asipoteze nafasi yake. Mkono mmoja unaweza kupokea wateja, kuandika vipimo, kumsimamia mwanafunzi. Na mkiwa na kikoba, tengeni fungu la ajali. Wiki 6 za chakula ni nafuu kuliko upasuaji wa pili.

Hofu ya kulazwa usingizi nayo inawachelewesha watu. Siku hizi upasuaji mwingi wa mkono unafanyika kwa ganzi ya sindano, lidokaini iliyochanganywa na adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu, na mgonjwa yuko macho. Donald Lalonde wa Kanada ni mmoja wa walioieneza njia hii, baada ya miaka mingi ya madaktari kufundishwa kwamba adrenalini inaua kidole. Mimi naipenda kwa sababu moja kubwa: kabla ya kufunga ngozi, daktari anakwambia, "Kunja kidole," na wote wawili mnaona kama kano inapita vizuri.

Neva, ule uzi unaobeba hisia, ikikatwa, saburi inahitajika zaidi. Baada ya kushonwa inaota kama milimita 1 kwa siku. Ikikatikia kwenye kifundo, hesabu miezi 6 au zaidi kabla ncha ya kidole haijaanza kuhisi. Katika miezi hiyo, kikombe cha chai kipime kwa mkono mwingine, maana huo wenye ganzi utaungua bila kukuambia.

Msumeno ukikata kidole kikadondoka, bana kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, vua pete. Msimwage mafuta ya taa wala majivu. Kipande kisafisheni kidogo kwa maji safi, mkifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, mkitie ndani ya mfuko wa nailoni, kisha mfuko uwekwe kwenye maji ya barafu. Barafu isikiguse kidole. Mwaka 1963 huko Shanghai, Chen Zhongwei na wenzake waliurudisha mkono wa fundi wa kiwandani uliokatwa na mashine. Hata hivyo kidole kilichosagwa na msumeno si rahisi kukirudisha, na wakati mwingine kisiki kizuri kinamrejesha fundi kazini mapema kuliko kidole kilichokakamaa. Gumba ni habari nyingine. Hilo lipiganieni.

Mzee pale nyuma ameniuliza lini atashika randa. Mzee wangu, wiki ya nane njoo nayo kliniki. Tutaviringisha mpira wa baiskeli kwenye mshikio uwe mnene, uanze na ubao laini wa msonobari, dakika chache tu. Leo nyoosha huo mkono hapa mezani, tuone kiungo kimefika wapi.