Kitabu Kipo Mkononi, Kalamu Iko Wapi?

Ndugu zangu, wazazi mliofika, na vijana mliokaa mpaka kwenye ngazi, asanteni kwa kuja. Leo tunazungumzia vitabu vya kujisaidia, vile vinavyoahidi kumbadilishia msomaji maisha yake.

Tuanzie Leeds, kaskazini mwa Uingereza, miaka ya 1840. Vijana wawili watatu wa hali ya chini walikubaliana kukutana jioni za baridi wafundishane kidogo walichokijua: kusoma, kuandika, hesabu. Walianzia nyumbani kwa mmoja wao. Walipozidi idadi wakakodi chumba kikubwa, kichafu, ambacho hakuna mpangaji aliyekitaka kwa sababu kiliwahi kutumika kama hospitali ya muda ya kipindupindu. Wakaingiza mabenchi machache na meza ya mbao, wakawasha taa, wakaendelea. Walipokaribia watu 100 ndipo wakamwalika mtu aje awahutubie. Mtu huyo aliitwa Samuel Smiles. Kutokana na hotuba zile kikazaliwa kitabu kilichotoka mwaka 1859 kwa jina la Self-Help, yaani kujisaidia, jina ambalo Waingereza wanalitumia kuita aina yote ya vitabu tunavyovizungumzia leo. Mwaka wa kwanza peke yake ziliuzwa nakala 20,000.

Angalieni nini kilitangulia. Chumba, mabenchi, wenzao, kazi ya kila jioni. Mzungumzaji akaja baadaye, kitabu kikaja mwisho kabisa. Sisi leo tunaanza na kitabu. Tunakinunua kwa muuza vitabu wa pembeni ya barabara, tunakisoma peke yetu kwenye daladala, kinatupandisha mori siku tatu, kisha tunakwenda kununua kingine.

Je, vitabu hivi vinabadilisha maisha kweli? Ndiyo, vipo, na kuna majaribio yanayoonyesha hivyo. Ila ukiyachunguza majaribio hayo kwa karibu, unakuta kilichofanya kazi ni zoezi lililomo ndani ya kitabu, lililofanywa kwa mkono, na mara nyingi kuna mtu wa pili aliyeulizia kama limefanyika.

Jaribio ninaloliheshimu zaidi ni la mwaka 1995, la watafiti Jamison na Scogin wa Marekani. Walichukua watu wazima 80 wenye sonona ya kiwango cha chini na cha kati. Nusu wakapewa kitabu cha daktari David Burns kilichotoka mwaka 1980, wakaambiwa wakimalize ndani ya wiki 4. Nusu nyingine wakasubiri zamu yao. Baada ya wiki hizo 4, takriban asilimia 70 ya waliosoma hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa sonona, na waliosubiri karibu wote walibaki pale pale. Wasomaji walipofuatiliwa miaka mitatu baadaye, kwa ujumla nafuu ilikuwa bado ipo.

Mtu akisikia hivyo anakimbilia dukani. Subirini. Kwanza, kila wiki watafiti walimpigia simu kila msomaji, dakika chache tu, bila kutoa ushauri wowote. Walimuuliza amefika wapi na anaendeleaje. Pili, kitabu chenyewe kimejaa kazi za kuandika. Maarufu kuliko zote ni ya safu tatu, na ningependa muione ilivyo.

Chukua karatasi, ichore mistari miwili wima. Tuseme ni mama lishe, saa nane mchana, nusu ya wali bado iko kwenye sufuria. Safu ya kwanza anaandika wazo kama lilivyomjia, bila kulipamba: “Wateja wamenikimbia, mimi sifai biashara.” Safu ya pili anaandika kasoro ya wazo hilo: amechukua siku moja akaifanya kuwa siku zote, kisha akahukumu utu wake wote kwa sufuria moja. Safu ya tatu anajibu kwa mambo anayoweza kuyathibitisha: “Leo ni tarehe 23, watu hawajalipwa. Ijumaa wali uliisha saa saba. Kesho napika kilo mbili pungufu.” Hilo la tatu ndilo gumu. Watu wengi hujaza hapo maneno ya kujifariji, “mimi ni bora, nitafanikiwa,” na zoezi linakufa papo hapo kwa sababu moyo haukubali. Jibu lazima liwe kitu ambacho wewe mwenyewe, katika hali ile ile ya uchungu, huwezi kukipinga.

Hapa nitaje hatari moja. Ukiona umeacha kula, hulali, au umeanza kufikiria kujidhuru, weka kitabu chini uende hospitali, na usiende peke yako. Kitabu peke yake hakitoshi kwa usiku wa namna hiyo.

Kuhusu maneno ya kujisifu, mwaka 2009 mtafiti Joanne Wood na wenzake nchini Kanada waliwaketisha watu waandike mawazo yao kwa dakika 4. Kila baada ya sekunde 15 kengele ililia, na baadhi yao walitakiwa kujiambia, kila ilipolia, kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa tayari wanajithamini walipata nafuu kidogo. Waliojidharau, yaani wale ambao vitabu vya namna hii vimeandikwa kwa ajili yao, walijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakujiambia chochote. Dawa ilimdhuru mgonjwa ikamfaa mzima. Hilo linaniuma, kwa sababu maneno hayo bado yanachapwa na kuuzwa kila siku.

Lipo jambo jingine ambalo wachapishaji hawapendi kulisikia: mwandishi hawezi kujua kama sura yake inafaa mpaka ijaribiwe. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Gerald Rosen na wenzake walitengeneza mwongozo wa maandishi wa kumsaidia anayeogopa nyoka ajizoeze nyumbani hatua kwa hatua. Nusu ya waliojaribu walimaliza mazoezi, na hofu ilipungua sana. Wakaona waboreshe. Wakaongeza sehemu ya mtu kuandikiana mkataba na nafsi yake na kujipa zawadi, wazo ambalo yeyote angelisifu. Katika mwongozo huo mpya hakumaliza hata mtu mmoja. Kutoka asilimia 50 mpaka sifuri, kwa nyongeza iliyoonekana nzuri. Sasa jiulizeni ni vitabu vingapi kwenye rafu vimepimwa namna hiyo kabla ya kuchapwa.

Tuje kwenye hamasa. Mwaka 2002 huko Uingereza, wanafunzi 248 waligawanywa makundi matatu na kufuatiliwa kama wangefanya mazoezi makali angalau mara moja kwa wiki, dakika 20. Kundi la kwanza halikupewa msaada wowote wa maana, na asilimia 38 wakafanya. Kundi la pili likasoma kijitabu kuhusu magonjwa ya moyo na faida za mazoezi. Nia yao ilipanda, lakini waliofanya walikuwa asilimia 35. Kundi la tatu likasoma kijitabu kile kile, kisha kila mmoja akaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanya. Wakafanya asilimia 91. Kijitabu kilikuwa kimoja. Kilichozidi ni sentensi moja, na kwa Kiswahili inakaa vizuri sana: kama ni Jumanne na nimeshuka kituoni saa kumi na mbili jioni, basi naenda uwanjani kabla sijafika nyumbani.

Mniruhusu nikae kidogo kwenye vitabu vya fedha, maana kwetu vinauzwa sana na vinakwama sana. Vingi vimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, akaunti ya benki na makato ya moja kwa moja. “Jilipe kwanza, asilimia 10.” Dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hana siku ya mshahara ya kukatia hiyo asilimia. Anaisoma sura, anaipenda, inampita. Inabidi aitafsiri: nikishatoa hesabu na mafuta, kabla sijawasha pikipiki kurudi nyumbani, 1,000 inaingia kwenye kibubu.

Na kibubu chenyewe kimepimwa, jirani tu hapa. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na wanachama wa vikundi vya kuchangishana magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wanachama wote walihimizwa kuweka akiba ya afya: chandarua, dawa ya maji, matibabu. Wengine hawakupewa kitu zaidi ya kuhimizwa. Wengine walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, ufunguo wakabaki nao wenyewe. Sanduku hilo, ambalo mwenyewe angeweza kulifungua saa yoyote, lilitosha kuongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kundi jingine likapewa sanduku ambalo ufunguo wake alikaa nao mtu wa mradi. Ungedhani hilo ndilo lingeshinda. Halikusaidia, maana mtoto akipandwa na homa usiku, fedha iliyofungiwa mbali haina msaada. Waliofanya vizuri kuliko wote ni waliochanga kwenye chungu cha kikundi, kila zamu mmoja akapokea bidhaa ya afya. Tumerudi kwenye mabenchi ya Leeds.

Na nini kuhusu siku 21 za kujenga mazoea? Chanzo chake ni daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuuzoea uso mpya. Neno “angalau” lilidondoka njiani. Phillippa Lally na wenzake huko London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, matokeo yakatoka mwaka 2010: wastani siku 66, na kati ya mtu na mtu ilitofautiana kutoka 18 hadi 254, hiyo ya mwisho ikiwa makadirio ya kihesabu kwa kuwa inazidi wiki 12 za utafiti. Kunywa maji kunazoeleka haraka, mazoezi ya mwili polepole. Anayeacha siku ya 22 akidhani ana kasoro hana kasoro yoyote, amehesabiwa vibaya. Na kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana.

Nimeulizwa mlangoni kuhusu asiyejua kusoma. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki jaribio la mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kujisaidia kupunguza mfadhaiko, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Mikutano 5, kila mmoja saa 2, watu wasiozidi 30, sauti iliyorekodiwa, na kitabu cha picha chenye maneno machache cha kwenda nacho nyumbani. Waliohudhuria walipungukiwa na mfadhaiko kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nafuu ilikuwa kubwa wiki moja baadaye, na ndogo zaidi miezi mitatu baadaye, ingawa bado ilikuwepo. Kwa maisha ya kambini, mimi naihesabu hiyo kuwa kazi kubwa.

Ukisimama dukani basi, usisome jalada wala sura ya kwanza, maana hizo zimeandikwa kukuuzia. Fungua katikati. Tafuta nafasi za kujaza kwa kalamu. Tafuta mahali mwandishi anaposema njia yake haimfai nani. Jiulize kama zoezi linaweza kufanywa na mtu wa kipato chako, kesho asubuhi. Ukikosa yote matatu, kirudishe. Ukikinunua, usifungue kingine kwa wiki 8.

Kwenye kila kiti kuna karatasi na kalamu. Mstari wa kwanza, andika tendo moja dogo, lenye kuhesabika. Wa pili, “kama” na “basi” yako: siku, saa, mahali. Wa tatu, kitu gani kitakukwamisha, na hapo utafanya nini. Mstari wa nne uache wazi, umgeukie aliye kulia kwako, aandike namba yake. Jumapili saa mbili usiku atakupigia, dakika 5, akuulize mstari wa kwanza tu, na asikushauri chochote. Tunayo dakika 10, kisha nitapokea maswali.