Anzeni na Soketi: Mhadhara kuhusu Kuchagua Prosesa na Bodi

Ndugu zangu, habari za mchana, na asanteni kwa kuja.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "Mwalimu, ninunue prosesa gani?" Prosesa ni ule ubongo wa kompyuta. Leo nawaomba tuanzie kwingine: kwenye soketi, kile kitako cha mraba kilichopo kwenye ubao mama, yaani bodi, ambacho prosesa hukalia. Prosesa utaibadilisha, RAM, yaani kumbukumbu ya muda, utaiongeza. Soketi imechomelewa kwenye bodi. Ukishaichagua, umeshachagua na prosesa zote utakazoweza kuweka mpaka ununue bodi nyingine.

Kampuni kubwa za prosesa ni mbili, AMD na Intel. Tazameni AM4, soketi ya AMD. Ryzen za kwanza, prosesa za AMD, ziliingia sokoni Machi 2017. Aprili 2022, miaka mitano baadaye, ikatoka Ryzen 7 5800X3D yenye kache ya L3, kumbukumbu ya kasi iliyo ndani ya prosesa, ya megabaiti 96, na soketi ni ileile. Watu waliokuwa na bodi za B350 za mwaka 2017 walisasisha BIOS, ile programu ya bodi inayoiwasha kompyuta, wakatoa prosesa ya zamani, wakapachika hiyo mpya. Bodi ikabaki, RAM ikabaki, kasha likabaki. Kwa mtu anayejichangia pesa kidogo kidogo, hiyo ni nafuu kubwa mno.

Lakini msidhani nafuu hiyo ilikuja yenyewe. Mei 2020 AMD walitangaza kwamba prosesa za kizazi kilichofuata, Zen 3, hazingefanya kazi kwenye bodi za B450 na X470. Sababu waliyotoa ni kwamba chipu inayohifadhi BIOS ina nafasi ndogo, nyingi zikiwa na megabaiti 16 tu. Wateja wakapiga kelele, na mwezi haukuisha kampuni ikabadili uamuzi. Wenye bodi za mfululizo wa 300, kama ile B350, walisubiri mpaka 2022. Kwa hiyo usitosheke na jina la soketi. Ingia kwenye tovuti ya aliyetengeneza bodi, tafuta modeli yako hasa, usome orodha ya prosesa inazozikubali na toleo la BIOS linalohitajika.

Intel nao wametuonyesha hilo. Soketi yao ya LGA1151 ilikuja 2015. Mwaka 2017 prosesa za kizazi cha 8 zikatoka na soketi yenye pini 1151 vilevile, zinaingia na kukaa sawasawa, ila kwenye bodi za awali, za mfululizo wa 100 na 200, kompyuta haiwaki.

Sasa tuje kwenye chaguo la leo. AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, ilianza Septemba 2022, inatumia RAM ya aina ya DDR5 peke yake, na AMD wameahidi kuendelea nayo angalau hadi 2027. LGA1700 ya Intel ilibeba vizazi vitatu, cha 12 hadi cha 14, kisha Oktoba 2024 Intel wakahamia LGA1851. Njia ya LGA1700 imefika mwisho. Hata hivyo siidharau: zipo bodi zake zinazopokea DDR4, aina ya RAM iliyotangulia DDR5, na kama RAM hiyo unayo tayari, unaokoa fedha. Jihadharini tu na prosesa kubwa za kizazi cha 13 na 14 zilizokwisha tumika. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba nyingine zilikuwa zikipokea volteji ya juu kupita kiasi, wakatoa marekebisho kupitia BIOS. Marekebisho hayo yanakinga. Prosesa iliyokwisha kuharibika hayaiponyi.

Maoni yangu ni haya. Mwenye uwezo achukue AM5, bodi nzuri ya B650, na prosesa ya wastani kama Ryzen 5 7600. Baada ya miaka kadhaa atapandisha prosesa peke yake. Mwenye bajeti finyu achukue AM4, bodi ya B550 na Ryzen 5 5600, lakini akumbuke kwamba 5600 haina grafiksi, yaani sehemu ya kutoa picha kwenye skrini, ndani yake. Bila kadi ya grafiksi, skrini itabaki nyeusi. Asiye na kadi atafute 5600G. Kwa upande wa Intel, herufi F mwishoni mwa jina ina maana kwamba prosesa haina grafiksi ndani yake.

Na bodi isiwe ya kuokoteza. Angalieni sehemu inayogawa umeme kwa prosesa, pembeni mwa soketi: je, ina vipande vya chuma vya kupoza? Bodi dhaifu chini ya prosesa kubwa hupata moto, na prosesa hulazimika kupunguza kasi. Kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa nacho kina thamani, hasa bodi ikiwa imekaa sana dukani.

La mwisho ni mikono yenu. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa. Kabla ya kuondoa kipoozaji, iacheni kompyuta ifanye kazi kidogo ili pesti, ule ute unaopitisha joto kati ya prosesa na kipoozaji, ilainike, muizime, mchomoe waya wa umeme, kisha mkizungushe kipoozaji taratibu kushoto na kulia. Ukikivuta moja kwa moja, prosesa hung'oka nacho na pini hupinda. Kwenye AM5 na Intel pini ziko ndani ya soketi, nyembamba kama nywele, msiziguse kabisa. Linganisheni pembetatu ndogo ya kona ya prosesa na ile ya soketi, muiweke prosesa bila kuisukuma, ndipo mfunge wenzo. Kifuniko cha plastiki kinachokinga soketi ya bodi mpya kikiruka, kihifadhini, maana mkirudisha bodi kwa dhamana bila hicho mnaweza kukataliwa.

Karibuni kwa maswali.