Sera ya Kufuta Barua Pepe: Swali ni Ulifuta Lini

Asanteni. Nianze na swali. Barua pepe za ofisini kwenu hufutwa baada ya siku ngapi, na nani mwenye mamlaka ya kusimamisha ufutaji huo? La kwanza wengi mtalijibu. La pili ndilo linalofikisha watu mahakamani.

Tarehe 12 Oktoba 2001, wakili wa ndani wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Arthur Andersen aliandikia ofisi ya Houston barua pepe fupi: ingefaa timu inayokagua Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ikumbushwe sera ya kutunza nyaraka. Basi. Humo hamna "futa" wala "chana".

Sasa tazameni kalenda. Tarehe 16 Enron ikatangaza hasara ya dola milioni 618. Tarehe 23, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani ikiwa imeshaanza kuulizia, mkuu wa timu ile, David Duncan, akawahimiza watu wake wafuate sera. Mashine za kuchana karatasi zikanguruma, barua pepe zikafutwa kwa wingi. Hati rasmi ya kudai nyaraka ilifika tarehe 8 Novemba. Kesho yake ndipo katibu wa Duncan akawaandikia wenzake: msichane tena.

Sera yenyewe ilikuwa halali. Kilichoiponza ni kukumbukwa moto umeshafika uani.

Andersen ilitiwa hatiani Juni 2002. Mei 2005 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakatengua hukumu, kwa kuwa jopo la raia lililoamua kesi halikuelekezwa kwamba lazima mshtakiwa awe alijua anatenda kosa. Ushindi gani huo? Kampuni iliyokuwa na wafanyakazi 28,000 Marekani pekee ilikuwa imebaki jina.

Kutofuta kabisa nako si kinga, maana sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda data inakataza kulimbikiza taarifa za watu kupita haja. Futeni, ila siku mnayonusa kesi, hata ikiwa ni barua tu ya wakili wa mfanyakazi mliyemwachisha, mtu wa kompyuta aambiwe kwa maandishi azime ufutaji wa kujiendesha. Seva haijui kama mmeshtakiwa. Itafagia usiku kama kawaida.

Kuna kichekesho, lakini. Wajumbe wa lile jopo walieleza baadaye kwamba si karatasi zilizochanwa zilizowashawishi. Ni barua pepe nyingine ya wakili yule yule, ya tarehe 16 Oktoba, akishauri jina lake liondolewe kwenye waraka wa Duncan. Hiyo hakuna aliyeifuta.