Karo ya Aliyeumia Kazini, Si ya Mwanawe Peke Yake

Bwana Mwenyekiti, waheshimiwa wawakilishi wadi, maafisa wa zimamoto na uokoaji, mabibi na mabwana, assalamu aleikum.

Mliokwisha kunisikia nikilisema jambo hili mtaniwia radhi, kwani nitalisema tena hadi lipatiwe kifungu cha sheria. Mzimamoto, polisi, mhudumu wa ambulansi au mwokoaji wa baharini anayepata ulemavu akiwa kazini anastahili kusomeshwa chuoni bila karo, yeye mwenyewe, ili apate ujuzi wa kazi nyingine anayoiweza kwa mwili uliombakia.

Kijana mmoja niliyemfunza kazi aliangukiwa na ukuta wa godauni lililokuwa likiungua huko Shimanzi, Mombasa. Mkono wa kulia ulipona kwa nje, lakini vidole havikunjiki. Hawezi kushika mpira wa maji, wala kufunga kifungo cha shati. Akili yake, hata hivyo, ni ileile: mwonyeshe nyumba yoyote ya Mji wa Kale, naye atakueleza moto ukianzia jikoni utapandia wapi na watu watolewe kwa mlango gani. Kazini akawekwa langoni kuandika nambari za magari, kwa mkono wa kushoto, kwa hati ambayo hata mwenyewe akirudi kuisoma inamshinda. Akaniambia, “Mwalimu, nataka kusomea stashahada ya usalama wa majengo, niwe mkaguzi.” Nikaona ni fikra njema, tukafuatana hadi chuo kimoja ambacho sitakitaja. Karani, binti mwenye adabu zake, akatoa fomu ya kuombea msamaha wa karo, akaanza kuuliza. “Wewe ni yatima?” La. “Mzazi wako alifariki kazini?” La, mamake yuko Majengo anauza viazi karai. Binti akafikiri, kisha akauliza, “Una mtoto?” Anaye. “Basi akimaliza kidato cha nne mlete, kuna basari.” Mtoto mwenyewe alikuwa bado ananyonya! Sikumlaumu yule binti. Fomu ilimtambua mzimamoto aliyekufa, ikamtambua na mwanawe, ila huyu aliyesimama pale akiwa hai haikuwa na pa kumwandika. Angalikufa, mambo yangalikuwa mepesi.

Nawaona wengine mnataka kuniuliza: kwani hakulipwa fidia? Haya, tuizungumze fidia. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini, ambayo sote tunaiita WIBA, hukadiria ulemavu kamili wa kudumu kwa mapato ya miezi 96, na ulemavu usio kamili kwa asilimia yake. Tuseme umekadiriwa asilimia 40. Utapata mapato ya miezi 38 na ushei. Mtu wa miaka 31 ambaye angestaafu akiwa na miaka 60 alikuwa amebakisha miezi 348. Fidia hailingani na maisha ya kazi yaliyokatika, wala haikukusudiwa kumfundisha mtu ujuzi mpya, na ni makosa kuitumia kama jibu la kila swali. Yuko pia atakayesema HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ipo. HELB inakopesha, nasi tunazungumzia mtu ambaye mshahara wake ndio uliotikisika. Na mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanzishwa mwaka 2023 umeundwa ukimtazama kijana aliyetoka kidato cha nne na kupangiwa chuo na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowagawia wanafunzi vyuo, si mtu mzima mwenye mke na mtoto anayerudi darasani kwa sababu ukuta ulimwangukia.

Wamarekani, ambao tunapenda kuwaiga hata pasipostahili, nao walianzia kwa waliokufa. Sheria yao ya mwaka 1976 ililipa pale tu afisa wa usalama wa umma alipofariki kazini. Ulemavu mkubwa uliingizwa mwaka 1990. Msaada wa masomo ulipoanzishwa mwaka 1996 ulikuwa wa familia za maafisa wa serikali kuu, na mwaka 1998 ukafikishwa kwa polisi na wazimamoto wa majimbo, lakini hadi leo unampa mwenzi wa ndoa na watoto, kwa muda usiozidi miezi 45 ya masomo. Aliyelemaa anatazama wengine wakienda chuoni kwa jina lake. Texas ilimkumbuka mwenyewe: polisi aliyelemaa kazini anaweza kusamehewa karo hadi mihula 12 katika chuo cha umma, ila uamuzi umeachiwa wakuu wa kila chuo. New York nayo, baada ya Septemba 2001, iliwafadhili hata waliolemaa vibaya wenyewe katika uokoaji. Ninachotaka sisi tukichukue ni hicho cha New York, bila ya kusubiri majengo yaanguke kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyosalia nitayapitia mbiombio. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya zimamoto, na limeipa pia vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo vikuu havimo mikononi mwake, lakini kwa vile vya ufundi haina haja ya kuomba ruhusa Nairobi. Na wapiga mbizi wa kiraia, kama wale waliokuwamo katika kazi ya mwaka 2019 gari lilipotumbukia baharini kutoka kwenye feri ya Likoni, wasisahauliwe, kwa maana WIBA humlinda aliyeajiriwa, naye wa kujitolea hana mwajiri wa kumdai. Suala la nani alipie vitabu na nauli nitaliacha kwa leo.

Waheshimiwa wawakilishi wadi wamekaa safu ya mbele, na bajeti ya mafunzo ya ufundi hupita mikononi mwao kila mwaka. Ningependa wao ndio wawe wa kwanza kuzungumza.